Refa Kaletwa na Nani? Uamuzi na Fainali za Vyuo Kaskazini Mashariki

Soka ni mchezo wa mabao machache, na hapo ndipo nguvu ya refa inapoanzia. Katika ligi kubwa za dunia mechi moja huzaa wastani wa mabao mawili na nusu hivi. Takriban robo ya mechi huisha sare, na zaidi ya theluthi nyingine huamuliwa kwa tofauti ya bao moja tu. Maana yake ni kwamba katika kila mechi kumi kuna sita hivi ambazo bao moja, liwe la halali au la dhuluma, lingegeuza matokeo. Penalti nayo huingia wavuni karibu mara tatu kati ya nne. Refa akiipuliza penalti isiyokuwepo, ameipa timu robo tatu ya bao kwa mkupuo, yaani karibu theluthi ya mabao yote ambayo mechi ya kawaida huzaa. Katika mpira wa kikapu, timu inayofunga pointi 70 humeza kosa la mwamuzi bila hata kulisikia. Katika soka kosa hilohilo hubaki limesimama peke yake ubaoni hadi mwisho.

Hesabu hii inahusu timu zinazolingana. Timu inayofungwa mabao manne kwa nunge haina haja ya kumtafuta mchawi. Shule za Kaskazini Mashariki mwa Kenya zimezoea kurudi mapema kutoka mashindano ya kitaifa ya shule za upili, ambako kikombe kimekuwa kikizunguka zaidi kwa vigogo wa magharibi kama Kakamega, Musingu na St Anthony's Kitale, na sababu kubwa ni viwanja, makocha na idadi ya mechi ngumu ambazo wachezaji wamecheza kabla ya kufika huko. Filimbi huwa na uzito pale timu mbili zinapokabana koo, na mechi za namna hiyo hazikosekani nyumbani.

Mji wa Garissa una taasisi za kutosha kujenga upinzani wa kudumu: Chuo Kikuu cha Garissa, chuo cha ualimu, kampasi ya chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC, na North Eastern National Polytechnic. Chuo kikuu chenyewe kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha ualimu. Kilifungwa baada ya shambulio la 2 Aprili 2015 lililoua watu 148, kikafunguliwa tena Januari 2016 na kupata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2017. Wanafunzi wake wanatoka kila pembe ya Kenya, ilhali vyuo vingine vya mji huchukua zaidi vijana wa eneo lenyewe. Vyuo hivyo vinapokutana uwanjani, mashabiki wa Bulla Iftin na Soko Ng'ombe huwa na upande, na upande wao si lazima uwe wa chuo walichosomea.

Mashindano ya vyuo kwa kawaida hayana marefa wake. Mwenyeji au kamati ya waandaaji huomba marefa kutoka tawi la Shirikisho la Soka Kenya, FKF, au chama cha marefa cha kaunti. Posho, nauli, maji na chakula hutoka mfukoni mwa walioomba. Refa hufika, hupokewa na mwalimu wa michezo wa mwenyeji, huonyeshwa pa kubadilishia nguo, na mara nyingi hulipwa na mtu huyohuyo mechi ikiisha. Hakuna hongo hapo. Kuna mgeni aliyekirimiwa vizuri na wenyeji wake, na ambaye msimu ujao angependa kuitwa tena. Mjadala mwingi kuhusu marefa huanzia kwenye bahasha na kuishia hapohapo, na kwa hiyo hupita kando ya utaratibu huu ambao hauhitaji bahasha yoyote.

Utafiti wa uchumi na saikolojia umeonyesha kwa muda mrefu kwamba refa mwaminifu kabisa huweza kuelemea upande mmoja bila kujua. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Uingereza, Alan Nevill, Nigel Balmer na Mark Williams, waliwaonyesha marefa 40 wenye vyeti video ya matukio 47 ya mechi ya Liverpool na Leicester. Baadhi waliitazama pamoja na kelele za uwanjani, wengine wakaitazama kimya. Waliosikia kelele walitoa faulo pungufu dhidi ya wenyeji kwa asilimia 15 hivi. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyetishwa. Ni sauti tu zilizofanya refa asite, na kusita katika soka ni uamuzi.

Miaka mitatu baadaye Luis Garicano, Ignacio Palacios-Huerta na Canice Prendergast walichapisha uchunguzi wao wa ligi ya Hispania. Walipima kitu kimoja ambacho refa hukiamua peke yake, yaani dakika za majeruhi. Wenyeji walipokuwa nyuma kwa bao moja, marefa waliongeza karibu mara mbili ya dakika walizoongeza pale wenyeji walipokuwa mbele kwa bao moja. Mechi ilipokuwa tayari imeamuliwa kwa mabao mengi, tofauti hiyo ilitoweka. Uzuri wa uchunguzi huu ni kwamba hauhitaji kubishana kama mkono uligusa mpira au la. Saa haina ushabiki.

Viwanja vitupu vilitoa ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 2007, baada ya afisa wa polisi kuuawa katika vurugu za mechi mjini Catania, Italia ilivifungia mashabiki viwanja ambavyo havikutimiza masharti ya usalama. Per Pettersson-Lidbom na Mikael Priks walilinganisha mechi hizo na nyingine, wakakuta kwamba wachezaji walicheza vilevile lakini marefa hawakuwaadhibu wageni kwa ukali wa kawaida. Wakati wa korona, ligi za Ulaya zilipochezwa bila mashabiki, pengo la kadi kati ya wageni na wenyeji lilipungua tena kwa namna hiyohiyo.

Matokeo haya yakihamishiwa Garissa huongezeka nguvu badala ya kupungua. Mashabiki wa Liverpool hukaa kwenye viti, nyuma ya ukuta na walinzi. Katika viwanja vingi vya vyuo na shule vya Kaskazini Mashariki mashabiki husimama juu ya mstari wenyewe. Mstari ni wa chokaa au wa majivu, na kufikia kipindi cha pili vumbi huwa limeumeza nusu. Kadiri mechi inavyokolea, watu husogea hatua moja, kisha nyingine, hadi mshika kibendera hulazimika kukimbia ndani ya uwanja kwa sababu njia yake imejaa miguu. Anapoinua kibendera dhidi ya wenyeji, aliye nyuma yake humwuliza sikioni kama ameona vizuri. Anapokiacha chini, hupigwa mgongoni kwa kupongezwa. Ikifika dakika ya 80, mtu huyo anakuwa amepewa elimu ya kutosha kuhusu matakwa ya umati.

Saa nayo ina mambo yake. Joto la mchana mjini Garissa hupita nyuzi 35 kwa siku nyingi za mwaka, kwa hiyo mechi husubiri hadi baada ya alasiri. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, taa za uwanjani hazipo, na watu wanataka kuwahi magharibi. Mechi iliyochelewa kuanza kwa nusu saa, kwa sababu ya hotuba za wageni waheshimiwa au timu iliyokawia njiani, huisha katika giza. Refa aliyebanwa namna hiyo ana kisingizio halali cha kupuliza mapema, na ana kisingizio halali cha kuongeza dakika tano kwa ajili ya wachezaji waliolala chini. Hakuna ubao wa kuonyesha muda ulioongezwa. Kipimo cha Garicano na wenzake, kama kingechukuliwa kwa saa ya kawaida ya mkononi katika fainali chache za eneo hili, kingesema mengi kuliko malalamiko yote yanayotolewa baada ya mechi.

Joto lenyewe pia huamua. Tarehe 12 Januari 2022, mjini Limbé, Kamerun, refa Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Kombe la Afrika kati ya Tunisia na Mali katika dakika ya 85, akaendeleza baada ya kulalamikiwa, kisha akaimaliza tena sekunde kadhaa kabla ya dakika ya 90. Mali ilikuwa mbele kwa bao moja. Dhana ya kwanza ya wengi ilikuwa rushwa. Maelezo yaliyofuata yalikuwa kwamba alizidiwa na joto. Sikazwe alikuwa refa wa kimataifa aliyepimwa mbio kila mwaka: mita 40 mara sita, kila moja kwa sekunde sita, kisha mikimbio 40 ya mita 75, kila mmoja kwa sekunde 15, na mita 25 za kutembea katikati. Refa wa kaunti aliyechezesha mechi mbili siku hiyohiyo kwa sababu mwenzake hakufika hawezi kutarajiwa kuwa karibu na tukio zaidi ya Sikazwe. Makosa mengi yanayoitwa njama ni ya mtu aliyekuwa mita 40 nyuma ya mpira, akihema.

Ofsaidi ni mfano mzuri zaidi wa kosa lisilo na nia. Mwaka 2000 Raôul Oudejans na wenzake wa Amsterdam walionyesha katika jarida la Nature kwamba washika vibendera hukosea kwa utaratibu unaotabirika. Mwamuzi asiposimama sambamba kabisa na beki wa mwisho, jicho humwonyesha mshambuliaji wa upande wa mbali akiwa mbele kuliko alivyo, au nyuma, kutegemea pembe anayotazamia. Anaripoti kwa uaminifu alichokiona, na alichokiona si kweli. Panapokosekana washika vibendera wenye mafunzo, jambo la kawaida katika mechi za mchujo, kila timu hutoa mtu wake. Hapo kosa la pembe huchanganyika na mapenzi, na hata mwenyewe hawezi kuyatenganisha.

Suala linalozungumzwa kwa sauti ya chini zaidi katika Kaskazini Mashariki ni ukoo. Katika Garissa, Wajir na Mandera, viti vya kisiasa, ajira za kaunti na hata kamati za shule hupimwa kwa mizani ya koo, na itakuwa ajabu kama filimbi pekee ingesalimika. Kuthibitisha kwamba refa amempendelea mtu wa ukoo wake ni vigumu, na wanaodai hivyo kwa kawaida wameshindwa mechi. Hata hivyo dunia ina kipimo kimoja cha kuaminika kuhusu upendeleo wa aina hiyo. Joseph Price na Justin Wolfers walichunguza misimu ya ligi ya kikapu ya NBA kuanzia 1991 hadi 2004, wakakuta kwamba wachezaji walipigiwa faulo chache kidogo pale waamuzi wengi walipokuwa wa rangi yao. Tofauti ilikuwa ndogo, ila haikukosekana, na waamuzi hao ni miongoni mwa wanaolipwa na kukaguliwa vizuri zaidi duniani. Kilichofuata kinavutia kuliko ugunduzi wenyewe: baada ya matokeo hayo kutangazwa sana mwaka 2007, upendeleo huo ulitoweka katika misimu iliyofuata, ingawa ligi haikubadili utaratibu wake wa mafunzo wala malipo. Inaelekea ilitosha waamuzi kujua kwamba wanahesabiwa.

Eneo lenyewe lina mila inayojibu swali hili. Katika xeer, sheria ya kimila ya Wasomali, pande mbili hukubaliana kwanza juu ya wazee watakaosikiliza shauri kabla shauri lenyewe kuguswa. Wakati wa umwagaji damu wa Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1990, mazungumzo yaliyozaa Azimio la Al-Fatah mwaka 1993 yalisimamiwa na wazee wa koo ndogo ambazo hazikuwa sehemu ya ugomvi. Dekha Ibrahim Abdi, mmoja wa wanawake walioanzisha juhudi hizo, alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Jamii iliyojua kumtafuta msuluhishi asiye na upande katika mambo ya damu haiwezi kusema haijui namna ya kumtafuta refa. Ajabu ni kwamba katika mpira jina la refa mara nyingi hujulikana na upande mmoja tu hadi anapoingia uwanjani.

Uhaba wa watu huzidisha tatizo. Kotekote Kenya walimu ni tegemeo kubwa la uamuzi wa soka, kwa kuwa wana ratiba inayoruhusu, wanaijua michezo ya shule na wamezoea kusimama mbele ya vijana wenye hasira. Kaskazini Mashariki ilipoteza walimu wengi wasio wenyeji kwa mawimbi. Wimbi la kwanza lilifuata shambulio la basi karibu na Mandera Novemba 2014, ambapo abiria 28 waliuawa, baadhi yao walimu waliokuwa wakienda likizo. Jingine lilikuja mwaka 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, kuwahamisha walimu wasio wenyeji. Pigo kubwa lilikuwa la madarasa, na hakuna anayeweza kulilinganisha na mpira. Lakini palepale eneo lilipungukiwa na watu ambao, kwa kuwa hawakuwa wa ukoo wowote wa hapo, wangeweza kupuliza filimbi bila kuulizwa baba yao ni nani.

Umbali huziba njia nyingine. Kutoka Garissa hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na Mandera iko mbali zaidi ya hapo, kwa barabara ambayo mvua huikata na usalama huifunga. Kumleta refa wa Mandera achezeshe fainali ya vyuo mjini Garissa kunaweza kugharimu kuliko kombe lenyewe na zawadi zake. Mwenyeji hupiga hesabu, huangalia bajeti ya idara ya michezo, kisha humpigia simu refa anayeishi mtaa wa pili.

Rushwa ya kweli ipo, na Kenya ina mfano wake. Aden Marwa, mwalimu na mshika kibendera wa kimataifa, alikuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia la Urusi mwaka 2018. Siku chache kabla ya mashindano, filamu ya upelelezi ya mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, ilimwonyesha akipokea dola 600. Hakwenda Urusi, na mwaka huohuo Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilimfungia maisha. Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal Novemba 2016, akidai beki Kalidou Koulibaly ameunawa mpira uliokuwa umegonga goti lake. Afrika Kusini ilishinda 2–1. FIFA ilimfungia maisha, ikafuta matokeo, na mechi ilirudiwa Novemba 2017. Senegal ilishinda 2–0 na kufuzu Kombe la Dunia siku hiyo. Hii ni miongoni mwa mechi chache ambazo inaweza kusemwa bila shaka kwamba refa aliiamua, kwa sababu ilichezwa mara mbili.

Kilichomnasa Lamptey ni mwenendo wa fedha za kamari uliotiliwa shaka. Mechi za vyuo vya Garissa hazichezewi kamari kwenye kampuni za kimataifa, kwa hiyo mtego huo haupo, lakini kishawishi cha aina hiyo pia ni kidogo. Kinachobaki ni fahari, na cheo cha mwalimu wa michezo mbele ya mkuu wake. Hivyo vinatosha kununua soda na mbuzi wa kuchoma, na huenda ni mara chache sana vinapovuka hapo.

Upande wa mashabiki hauna usafi wa kujivunia. Ushahidi maarufu zaidi unatoka kwenye mchezo wa vyuo vya Marekani, ambako mpira wa miguu wa kwao hujaza viwanja kuliko ligi nyingi za kulipwa. Tarehe 23 Novemba 1951, Princeton iliifunga Dartmouth katika mechi ya fujo. Nyota wa Princeton, Dick Kazmaier, alivunjika pua na mchezaji mmoja wa Dartmouth akavunjika mguu. Wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ileile na kuwaomba waandike makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona makosa ya Dartmouth zaidi ya mara mbili ya waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Walitazama picha zilezile kwa utulivu, bila jua wala njaa. Shabiki wa Garissa aliyesimama nyuma ya goli, akitazama kupitia mabega ya watu watatu, ana haki ya kulalamika, ila ushahidi wake mtu hawezi kuupokea bila kuuliza amevaa jezi gani.

Mchezo huohuo wa Marekani umewahi kutoa majibu mawili tofauti kwa kosa moja la uamuzi. Sheria zake huipa timu majaribio manne ya kusonga mbele. Mwaka 1940 waamuzi walikosea kuhesabu, Cornell ikapata jaribio la tano na kuifunga Dartmouth 7–3. Filamu ilipoonyesha kosa, Cornell iliandika kuukana ushindi wake, na mechi imeandikwa hadi leo 3–0 kwa Dartmouth. Mwaka 1990 Colorado nayo ilipewa jaribio la tano dhidi ya Missouri, ikashinda 33–31, ikauhifadhi ushindi huo na mwisho wa msimu ikagawana ubingwa wa taifa. Kisheria Colorado haikukosea. Kanuni za soka zinasema vivyo hivyo: uamuzi wa refa juu ya mambo yaliyotokea uwanjani ni wa mwisho, na pasipo ushahidi wa udanganyifu kama ule wa Lamptey, hakuna kamati inayoweza kuugeuza Jumatatu asubuhi.

Kanuni hiyo inaeleza kwa nini rufaa za mashindano ya shule na vyuo nchini Kenya karibu zote huzungumzia kitu kingine. Timu iliyoonewa kwa penalti haina pa kwenda. Timu iliyofungwa na wapinzani waliochezesha mamluki, yaani mchezaji asiye mwanafunzi wa taasisi hiyo au aliyepita umri, huandika barua, hulipa ada ya rufaa na huweza kupewa ushindi mezani. Kwa hiyo hasira ya filimbi hugeuzwa kuwa msako wa vyeti vya kuzaliwa na namba za usajili. Makocha wenye uzoefu hufika uwanjani na faili ya wapinzani wao mkononi kabla ya kipyenga cha kwanza.

Teknolojia ya video, VAR, hutajwa kila mara kama dawa, na wapenzi wa soka wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuitilia shaka. Tarehe 5 Aprili 2024 mjini Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba na kudunda chini, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns. Kwa macho ya Tanzania nzima mpira ulivuka mstari. VAR ilikuwepo na bao halikutolewa. Mechi ikaisha bila bao na Yanga ikatolewa kwa penalti. Miaka mitano kabla, katika fainali ya mashindano hayohayo mjini Tunis, Wydad ya Morocco ilidai bao lake likaguliwe, ikaelezwa kuwa mitambo haifanyi kazi, ikakataa kuendelea, na Espérance ikabaki na kombe. Agosti 2025 Wakenya waliiona VAR uwanjani Kasarani wakati wa mashindano ya CHAN, ikiwanyima wachezaji wao kwa kadi nyekundu dhidi ya Angola na kisha dhidi ya Morocco. Mechi ya Morocco Kenya ilishinda 1–0 ikiwa na wachezaji kumi. Mitambo hiyo haitafika uwanja wa chuo Garissa hivi karibuni, na hata ikifika itahitaji mtu wa kuitazama, naye lazima ateuliwe na mtu.

Mambo yanayoweza kubadilishwa kwa bei ndogo ni ya kawaida mno kiasi kwamba hayapewi vichwa vya habari. La kwanza ni mkono unaolipa: posho ya marefa ikikusanywa na waandaaji kutoka kwa vyuo vyote kwa usawa na kulipwa kabla ya mechi, mwenyeji hupoteza nafasi ya kuwa mfadhili. Uteuzi ukifanywa na watu watatu kutoka taasisi zisizocheza siku hiyo, na timu zote mbili zikapewa jina mapema na nafasi moja ya kulikataa, utaratibu wa wazee unakuwa umeingia mpirani bila gharama. Kamba iliyofungwa mita mbili nje ya mstari humrudishia mshika kibendera njia yake na masikio yake. Nyavu zisizotoboka humaliza ugomvi wa mpira uliopita ndani au nje ya mlingoti. Ndiyo sababu mhandisi wa Liverpool, John Alexander Brodie, alizibuni karne ya 19, na bado kuna magoli ya vyuo yaliyo uchi. Utaratibu uliotumika Euro 2024, wa nahodha peke yake kuruhusiwa kuzungumza na refa, unahitaji tangazo la dakika moja kabla ya mechi.

Video za simu ziko tayari. Kila fainali sasa hurekodiwa na watu wengi kutoka pande zote za uwanja, na kabla ya isha vipande vyake huwa vimezunguka katika makundi ya WhatsApp vikiwa na matusi chini yake. Haziwezi kubadili matokeo. Chama cha marefa cha kaunti kinaweza hata hivyo kuziomba, kuhesabu dakika zilizoongezwa, kuona mshika kibendera alisimama wapi mpira ulipopigwa, na kuziweka kwenye faili la refa anapoomba kupandishwa daraja. Kazi hiyo inahitaji kompyuta moja, mtu wa kuikalia na jioni mbili baada ya kila mashindano.